Madoa ya Fisi, Madoa ya Papa

Wajukuu zangu wa Tarime na Serengeti, sogeeni karibu. Msimulizi akisema “Hadithi, hadithi”, nyinyi hujibu “Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea”. Leo utamu na ukolee, lakini uwongo ubaki nje ya mlango, kwa maana hadithi hii ni ya kweli. Ni hadithi ya watu ambao kazi yao ni kuwachunguza papa baharini na fisi mbugani. Nayo inaanzia mahali mnapopajua vizuri: langoni pa zizi.

Ni saa kumi na mbili jioni. Ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, vumbi limetanda, na kijana wa miaka kumi amesimama kando ya lango ameshika fimbo. Hahesabu moja, mbili, tatu. Anatazama tu. Anapita mwekundu mwenye baka jeupe begani. Anapita mweusi mwenye pembe iliyopinda chini. Anapita ndama wa kijivu mwenye sikio lililochanika. Wa mwisho akishaingia, kijana hafungi lango. Anamgeukia baba yake na kusema, “Baba, yule wa madoa meupe tumboni hayupo.” Baba hamuulizi amejuaje. Anachukua tochi, na wote wawili wanatoka kumtafuta.

Liwekeni akilini jambo hilo, nitalirudia. Kijana yule hakujua tu kwamba ng'ombe wamepungua. Alijua ni nani aliyepungua. Mgeni angeona kundi la ng'ombe. Yeye anaona huyu na yule, mama wa huyu na ndama wa yule. Ujuzi huo ndio msingi wa sayansi ninayotaka kuwasimulia.

Sasa twende baharini. Najua wengi wenu hamjaiona bahari. Hata maji yenu hayaendi Bahari ya Hindi. Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti, unatoka nyanda za juu za Mau nchini Kenya, unavuka hifadhi na kuingia Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji yanashika Mto Nile, yanakwenda kaskazini hadi Bahari ya Mediterania. Mtoni mna mamba na viboko, papa hamna. Ziwani mna sangara na sato, papa hamna. Papa mnamjua kwa picha na kwa sinema zinazomwonyesha akiwafukuza watu, mdomo wazi, meno nje.

Sinema hazisemi yote. Duniani kuna zaidi ya aina 500 za papa. Wako wadogo wanaotoshana na rula ya darasani, na wako wakubwa wanaolizidi basi la Tarime kwenda Mwanza. Papa hana mfupa hata mmoja: kiunzi chake chote ni gegedu, kama lile lililo ndani ya sikio lako. Wengi wao hukua polepole, hukawia kuzaa, na huzaa watoto wachache. Kwa hiyo wakivuliwa kwa wingi, bahari huchukua miaka mingi kuwarudisha. Tunajua hayo kwa sababu wako watu waliokubali kuingia majini wakawatazama.

Mmoja wao alikuwa msichana aitwaye Eugenie Clark. Alizaliwa mwaka 1922 mjini New York, Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na mama mwenye asili ya Japani. Mama alikuwa na kazi ya kuuza magazeti, na Jumamosi hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Basi alimpeleka kwenye jumba la kuoneshea samaki lililokuwa karibu na kazini, akamwacha humo hadi saa za kutoka. Mtoto wa miaka tisa, peke yake, mbele ya kioo kikubwa chenye maji. Wengine wangechoka. Eugenie alisogeza uso wake kwenye kioo, akajifanya anatembea chini ya bahari pamoja na samaki, akatamani siku moja kuogelea na papa.

Alipokua akasoma biolojia. Alipotaka kuendelea na masomo ya juu aliambiwa kwamba mwanamke ataolewa tu, atazaa watoto, na elimu yake itapotea bure. Nisikilizeni hapa, hasa nyinyi wasichana. Eugenie aliolewa. Alizaa watoto wanne. Na elimu yake haikupotea: mwaka 1950 alipata shahada ya uzamivu, na mwaka 1955 akafungua maabara ya bahari huko Florida.

Katika maabara hiyo alifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Watu wa wakati huo walimwona papa kuwa mnyama mjinga, tumbo lenye meno. Eugenie aliweka ubao majini. Papa akiusukuma kwa pua, kengele inalia, naye anapewa chakula. Papa wakajifunza. Akawapumzisha wiki kadhaa wakati wa baridi, kisha akaurudisha ubao ule ule. Papa hawakuwa wamesahau. Miaka ya 1970 akazama kwenye mapango ya bahari huko Mexico, akakuta papa wakubwa wametulia chini kama waliolala, wakati vitabu vilikuwa vikisema kwamba papa asipoogelea muda wote atakufa. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 92, na hata uzeeni aliendelea kupiga mbizi.

Eugenie hakuanza na meli wala mitambo. Alianza kwa kukitazama kitu kimoja muda mrefu kuliko wenzake.

Turudi Tanzania. Kusini mwa Dar es Salaam, mbele ya mdomo wa Mto Rufiji, kuna Kisiwa cha Mafia. Upande wake wa magharibi, karibu na mji wa Kilindoni, huja papa mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wenyeji humwita papa potwe. Upande wa Kenya wapo wanaomwita papa shilingi, kwa sababu mgongo wake mweusi umejaa madoa meupe ya duara, na wazee husimulia kwamba Mungu alimmwagia sarafu mgongoni. Potwe akikomaa sana anaweza kufikia mita 18. Lakini hali watu. Hafukuzi hata samaki wakubwa. Hufungua mdomo wake mpana kama mlango wa karakana, akachuja maji na kubakiza vijidudu vinavyoelea. Pale Mafia anachokipenda hasa ni uduvi, wale kamba wadogo mno ambao hata kucha yako inawazidi.

Watafiti walipoanza kuwachunguza potwe wa Mafia, swali la kwanza lilikuwa lile lile la langoni pa zizi: huyu ni nani? Je, papa niliyemwona Jumatatu ndiye huyu wa Alhamisi, au ni wawili? Usipojibu swali hilo, huwezi kusema wako wangapi, wala kama wanaongezeka au wanakwisha.

Jibu lilikuwa ubavuni mwake. Madoa ya potwe hayafanani na ya mwenzake, kama alama za vidole vyako zisivyofanana na za mdogo wako. Mtafiti huvaa miwani ya kuzamia, huruka majini, huogelea kando ya mnyama huyo na kumpiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Kisha huipeleka picha kwenye kompyuta. Na hapa pana jambo la kupendeza. Programu ya kulinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu zilizobuniwa kwa ajili ya nyota. Wataalamu wa anga walikuwa na njia ya kutambua kundi moja la nyota katika picha mbili tofauti. Mtaalamu wa papa, mtaalamu wa kompyuta na mtaalamu wa nyota wakakaa pamoja, wakayachukua madoa meupe ya papa kana kwamba ni nyota kwenye anga jeusi, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba njia hiyo inafanya kazi. Tangu hapo picha iliyopigwa Mafia inaweza kulinganishwa na picha za papa kutoka bahari nyingine zote.

Huko Mafia potwe huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi. Miezi mingine hupotea machoni. Watu wengi waliamini kwamba huhama kwenda mbali. Watafiti wakawabandika baadhi yao vidude vinavyotoa mlio usiosikika kwa sikio la mtu, wakatega vifaa vya kusikilizia chini ya bahari. Potwe akipita karibu, kifaa kinaandika: fulani amepita, siku fulani, saa fulani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi hawakuhama. Walikuwa pale pale jirani na Mafia mwaka mzima, ila walisogea nje kidogo na kushuka chini zaidi, ambako macho ya watu hayafiki.

Mnaona? Jicho lilisema wameondoka, sikio likasema wapo. Na habari hiyo ina uzito wake. Mnyama anayepita njia ni mgeni wa watu wengi. Anayekaa kwako mwaka mzima ni wa kwako kumtunza.

Mtasema, “Babu, hayo ni ya Mafia. Sisi tuko Nyamongo, tuko Sirari, tuko Mugumu na Natta. Yanatuhusu nini?” Yanawahusu, kwa kuwa kazi iyo hiyo imefanyika mlangoni kwenu kwa zaidi ya miaka hamsini. Na mnyama wake ni yule mnayemsikia usiku mkiwa mmejifunika blanketi, sauti yake ikianza chini na kupanda juu: uuu-wip! Uuu-wip!

Fisi ndiye papa wa nchi kavu. Wote wawili wametangazwa vibaya. Katika hadithi zetu fisi ni mlafi, ni mwoga, ni mpumbavu anayedanganywa na sungura kila siku. Wengine wanasema ni kipando cha wachawi. Nami nikiwa mtoto niliyaamini hayo yote. Lakini wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mwaka 1964 alifika Serengeti kijana wa Kiholanzi aitwaye Hans Kruuk kumchunguza fisi. Wakati ule ilijulikana hivi: simba huwinda, fisi hula makombo. Ushahidi ulionekana wazi. Asubuhi watu wanapita, wanaona simba wamemzunguka pundamilia aliyekufa, na pembeni fisi wamekaa wakingoja. Basi, simba kaua, fisi anaombaomba.

Kruuk hakungoja asubuhi. Alitoka usiku, hasa usiku wa mbalamwezi, akawafuata fisi kwa gari bila taa, huku Serengeti na kule kwenye bonde la Ngorongoro. Na akaona kilichokuwa kikifanyika kabla jua halijachomoza. Fisi waliwinda wenyewe. Walichagua nyumbu mmoja, wakamkimbiza kwa mbio ndefu, wakamwangusha. Kelele zao zikawavuta simba. Simba wakaja, wakawafukuza, wakala. Fisi wakasogea pembeni kungojea walau mabaki ya windo lao wenyewe. Kumekucha, mpita njia anaona nini? Mfalme yuko mezani, mwizi yuko pembeni. Kruuk aliandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1972, na pale Ngorongoro alionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula cha fisi huwa wamekiua wenyewe.

Mwaka 1987 walianza kazi watafiti wengine wawili, Heribert Hofer na Marion East, nao wakaiendeleza kwa miaka mingi. Walifanyaje ili kumjua fisi mmoja na kumtofautisha na mwingine? Mmeshabashiri: walitazama madoa. Fisi huzaliwa mweusi wote, macho wazi na meno tayari mdomoni. Manyoya yanapopauka, madoa yanatokea, na kila mmoja ana mpangilio wake. Ukiongeza sikio lililochanika na kovu la ubavuni, unamtambua hata akiwa mbali. Simba naye ana alama zake: tazama safu za vidoa vyeusi ambamo sharubu zake zimeota. Kwa vidoa hivyo watafiti wa simba wa Serengeti wameandika koo za simba, nani mama na nani mjukuu, tangu miaka ya 1960.

Baada ya kuwajua fisi mmoja mmoja, Hofer na East waligundua jambo lililonibadilisha moyo. Katika ukoo wa fisi majike ndio watawala, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Nyumbu wanapohama, eneo la ukoo linabaki bila chakula. Lakini watoto wako shimoni na hawawezi kusafiri. Mama anafanya nini? Anawaacha shimoni, anakwenda kuwatafuta nyumbu waliko, kilomita 40 na hata zaidi kwenda tu. Anakula, kisha anarudi njia ile ile kunyonyesha. Siku chache baadaye anatoka tena. Hivyo hivyo kwa miezi, kwa sababu mtoto wa fisi hutegemea maziwa mwaka mzima au kupita. Na kila mama hunyonyesha wa kwake tu.

Sasa fikirieni njiani pametegwa mtego wa waya. Aliyeutega alimlenga nyumbu. Usiku mama fisi anapita akirejea nyumbani, matiti yamejaa maziwa, na waya unamnasa shingoni. Kule shimoni watoto wanachungulia nje. Jua linazama, linachomoza, linazama. Hakuna mwingine atakayewanyonyesha. Watafiti waliliona hilo likitokea, na waliweza kuliandika kwa sababu walimjua aliyekosekana ni nani. Kama kijana wetu langoni: “Yule wa madoa fulani hayupo.”

Mtu mzima mmoja aliwahi kuniuliza, “Kuwajua fisi na papa kunamshibisha nani?” Nilimjibu kwa habari ya wilaya ya Serengeti, nanyi mkiulizwa mjibu hivyo hivyo.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa wakitetemeka na kupepesuka. Kabla ugonjwa haujatulia, karibu theluthi moja ya simba wote, yapata 1,000, walikuwa wameangamia. Wachunguzi walitafuta chanzo, wakakuta ni distempa, virusi vya mbwa. Mbwa wa kufugwa vijijini walikuwa na ugonjwa huo, nao ukavuka hadi hifadhini. Na mbwa hao hao walikuwa wakieneza kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, hapana dawa ya kumwokoa.

Basi ikaanzishwa kampeni ya kuwachanja mbwa vijijini. Katika wilaya ya Serengeti, kati ya mwaka 1996 na 2001, mbwa walichanjwa mwaka baada ya mwaka, na visa vya kichaa pamoja na watu kuumwa na mbwa vikashuka sana. Huenda wewe unayesoma umewahi kusimama kwenye foleni hiyo chini ya mti, kamba ya katani mkononi, mbwa wako akivutana na mbwa wa jirani, ukisubiri daktari amchome sindano na kukupa cheti. Siku ile ulikuwa mshiriki wa sayansi. Ulimkinga mdogo wako, na ulimkinga simba usiyewahi kumwona.

Hata nyumbu milioni moja na zaidi wanaowashangaza watalii wana historia kama hiyo. Wazee wanaikumbuka sotoka kwa jina lake. Ugonjwa huo ulipoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ulifyeka ng'ombe, nyumbu na nyati. Ng'ombe walipochanjwa kandokando ya Serengeti, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1. Mwaka 2011 dunia nzima ikatangazwa kuwa huru na sotoka. Mfugaji, daktari wa mifugo na mtafiti wa wanyamapori walikuwa wakivuta kamba moja.

Kazi yenyewe ikoje siku kwa siku? Sitawaficha. Mara nyingi ni kungoja. Mtafiti wa fisi huamka saa kumi alfajiri na kuegesha gari karibu na shimo. Ana darubini, daftari, kamera na kifaa cha kumwonyesha yuko wapi. Anaandika saa, mahali, nani katoka, nani kaingia, nani anachechemea. Anaokota kinyesi na kukitia kwenye kichupa, kwa sababu kinyesi kinaeleza mnyama amekula nini na ana minyoo gani. Masika gari linakwama kwenye udongo mweusi, na siku inaishia kwa jembe na koleo. Mtafiti wa papa naye hukaa juani kwenye boti saa nyingi, chumvi imemkauka usoni, akitazama maji na kuwauliza wavuvi, “Jana mlimwona wapi?” Wavuvi wanajua mengi, na mtafiti mwenye busara huanza kwao, kama vile mtafiti wa malisho anavyopaswa kuanza kwa baba zenu.

Jioni kazi bado haijaisha. Picha zinapangwa, namba zinaingizwa kwenye kompyuta. Na kuna sheria moja kubwa kuliko zote: andika ulichokiona, si ulichotamani kukiona. Siku uliyokosa fisi, andika “sikuona fisi”. Siku hiyo nayo ni habari. Anayejaza daftari kwa kubuni amewadanganya wote watakaolitegemea baada yake.

Na njia ya kuifikia kazi hii ni ipi? Inaanza darasani mlimo sasa. Shikeni Sayansi na Hisabati, maana kuhesabu ndiyo lugha ya kazi hii, na msikipuuze Kiingereza, kwa kuwa matokeo mengi huandikwa kwa lugha hiyo. Mkifika kidato cha tano, mchepuo wenye Biolojia na Kemia hufungua milango mingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sayansi za majini na uvuvi, na kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha wanyamapori na udaktari wa mifugo. Chuo cha Mweka, Kilimanjaro, kimefundisha wahifadhi tangu mwaka 1963. Hapo jirani, wilaya ya Rorya, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Gabimori, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Sota, ufukweni mwa ziwa. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, ina kituo chake ndani ya Serengeti yenyewe.

Msidhani kazi hii ni ya wageni tu. Simon Mduma, Mtanzania, aliwachunguza nyumbu wa Serengeti kwa miaka mingi. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha kumbukumbu za miaka 40 zilizoonyesha kwamba kinachoamua wingi wa nyumbu ni chakula cha kiangazi, yaani nyasi zinazobaki mvua zikikoma. Baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa TAWIRI. Fikirieni: jambo ambalo kila mchungaji wa Tarime analihisi mwezi wa nane na wa tisa, yeye alilipima, akalithibitisha, na dunia ikalisoma.

Kabla sijawaaga nawapa kazi. Chukueni daftari. Chagueni ng'ombe kumi, au mbuzi, au hata kuku wa nyumbani. Kila mnyama mpe ukurasa wake. Chora ubavu wake wa kushoto: madoa, mabaka, makovu, pembe, masikio. Usitumie jina la mwenye mali, tumia alama zake tu. Kila Jumamosi andika: yupo au hayupo, mzima au mgonjwa, amezaa au bado, yuko karibu na nani. Baada ya miezi mitatu mpe rafiki yako daftari hilo, aende zizini amtafute wa ukurasa wa saba. Akimpata, umeandika vizuri. Asipompata, rudi ukatazame tena.

Lakini nawaonya kama babu yenu: msiende kwenye shimo la fisi, wala msisogelee ukingo wa Mto Mara kutafuta mamba wa kuchora. Wanaofanya kazi hiyo wamefundishwa, wana magari na vibali, nao hawaendi peke yao. Nyinyi anzeni na wanyama wa nyumbani. Macho ni yale yale.

Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Fisi alidharauliwa na watu wasiowahi kukesha naye, na papa aliogopwa na watu wasiowahi kuogelea kando yake. Waliowatazama kwa subira wakarudi na habari tofauti, na habari hizo leo zinalinda simba, zinalinda potwe, zinalinda hata mtoto wa Mugumu asiumwe na mbwa mwenye kichaa.

Na yule wa madoa meupe tumboni alipatikana usiku ule. Alikuwa nyuma ya kichaka, amezaa, na ndama wake alikuwa bado anajaribu kusimama. Kama kijana angehesabu vichwa ovyo na kufunga lango, fisi wangefika kabla yao. Kesho jioni, mifugo ikirudi, simameni langoni na daftari zenu, mkaanze.